Habari za Jina la Dunstan, pamoja na Majina Yetu

Katika kitabu hiki cha jubilei wengine wameandika habari za makanisa, za shule, na za mapadre waliolala katika makaburi yetu. Sisi tumepewa kuandika jambo dogo, nalo ni jina. Jina halina uzito wa jiwe la msingi, wala urefu wa mnara wa kengele. Lakini majengo hayo yote yalijengwa kwa ajili ya watu, na kila mtu aliyeingia kanisani aliingia kwa jina. Fungueni daftari la ubatizo la mtaa wowote: jambo la kwanza katika kila mstari ni jina.

Habari yenyewe ilianza hivi. Tulipokuwa tungali vijana katika kazi ya ualimu, mgeni alikuja kutazama shule yetu, akawauliza watoto majina yao na maana zake. Mtoto wa kwanza akasema, “Petro, maana yake mwamba.” Wa pili akasema, “Yohana, maana yake Mungu ana neema.” Wa tatu akasimama akasema, “Jina langu Dunstan.” Akaulizwa, “Maana yake nini?” Mtoto akainamisha kichwa, akajibu, “Sijui, Bwana. Nilipewa na Padre.” Ndipo mgeni akageuka akatutazama sisi, nasi hatukujua.

Yule mtoto alibatizwa tarehe 19 Mei. Padre alifungua kalenda, akaona siku hiyo ni ya Mtakatifu Dunstan, akamwita kwa jina hilo. Ndivyo ilivyokuwa desturi, wala hapana aliyeuliza zaidi. Lakini siku ile ya mgeni tuliona haya, tukamwahidi mtoto ya kuwa tutamtafutia habari za jina lake. Ahadi ni deni, na deni hili twalilipa leo mbele ya watu wote.

MAANA YA JINA

Dunstan si jina la Maandiko Matakatifu. Si la Kiebrania, wala la Kiyunani, wala la Kilatini. Ni jina la Wasaksoni, ambao ndio wazee wa Waingereza, nao walikuwa wakilitumia zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Wasaksoni walikuwa na desturi ya kuunda jina kwa maneno mawili, kama fundi aungavyo vipande viwili vya mti. Edward ni “mali” na “mlinzi”. Edgar ni “mali” na “mkuki”. Wulfstan ni “mbwa-mwitu” na “jiwe”. Athelstan ni “ungwana” na “jiwe”. Basi katika jina la Dunstan neno la mwisho ni hilo hilo, yaani jiwe. Juu ya neno la kwanza wataalamu wana kauli mbili. Wengi husema ni neno la rangi, rangi ya weusiweusi kama udongo uliolowa. Wengine husema ni neno la kilima. Kwa hiyo Dunstan maana yake ni “jiwe jeusi”, au “jiwe la kilimani”.

Tena Wasaksoni walipenda kutwaa kipande cha jina la baba na kukitia katika jina la mwana, ili ukoo ujulikane. Baba yake Dunstan mtakatifu aliitwa Heorstan. Sikilizeni mwisho wa majina hayo mawili, mtasikia jiwe lile lile likitoka kwa baba kwenda kwa mwana. Jambo hili si geni kwetu. Sisi nasi twampa mjukuu jina la babu, na mama humwita mwanawe “baba” kwa heshima ya yule aliyelitangulia jina.

Twataka msomaji aangalie neno moja hapa, maana ndilo shina la habari yote. Katika jina hili hamna neno la dini hata kidogo. Jiwe jeusi ni jiwe jeusi tu. Wapagani wa Kisaksoni waliunda majina yao kwa mawe, na mikuki, na mbwa-mwitu, kabla hawajasikia Injili. Dunstan ni jina la kienyeji. Ila wenyeji wake ni Waingereza.

WAINGEREZA WALIPOBATIZWA

Mwaka 597 mtawa Augustine alifika Kent, ametumwa na Papa Gregory kutoka Roma. Mfalme wa Kent, Ethelbert, alibatizwa, na watu wake wengi wakamfuata. Mfalme hakuacha jina lake. Alibatizwa Ethelbert, akafa Ethelbert.

Lakini ilipokuja zamu ya wenyeji kuwa maaskofu, jambo jingine likatokea. Mwingereza wa kwanza kufanywa askofu aliwekwa Rochester mwaka 644, naye akaitwa Ithamar, jina la mwana wa Haruni katika Agano la Kale. Mwingereza wa kwanza kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury aliwekwa mwaka 655, akaitwa Deusdedit, neno la Kilatini, maana yake “Mungu ametoa”. Huenda watu wa siku zile walidhani jina la nyumbani halifai kukalia kiti cha askofu. Mtu mgeni katika nyumba kubwa huogopa hata kukohoa.

Hofu ile haikudumu. Waingereza walipoizoea nyumba wakaacha kukopa majina. Maaskofu waliofuata wakaitwa Wilfrid, na Cuthbert, na Aldhelm, majina ya mama zao na ya vijiji vyao. Na miaka mia tatu baada ya Deusdedit akaketi Canterbury mtu mwenye jina la jiwe jeusi, wala hapana aliyemwambia alibadili.

DUNSTAN MWENYEWE

Alizaliwa karibu na Glastonbury, upande wa magharibi wa Uingereza, katika miaka ya kwanza ya karne ya kumi. Wengi hutaja mwaka 909. Mama yake aliitwa Cynethryth. Alisoma Glastonbury, mahali palipokuwa na wanachuoni kutoka Ireland, akapata elimu nyingi kupita wenzake. Akaenda kukaa katika nyumba ya Mfalme Athelstan. Huko vijana wenziwe, na baadhi yao walikuwa jamaa zake, walimwonea kijicho, wakamsingizia uchawi. Akafukuzwa, nao wakamvizia njiani wakampiga na kumtupa matopeni.

Akakimbilia kwa askofu wa Winchester, aliyekuwa jamaa yake. Askofu akamshauri awe mtawa, naye akakataa, maana alitaka kuoa. Baadaye akaugua ugonjwa mkali, na alipopona akaweka nadhiri. Akarudi Glastonbury akaishi katika chumba kidogo, akifanya kazi kwa mikono yake. Alichora, aliandika vitabu, alipiga kinubi, tena alikuwa mhunzi na sonara. Hata leo mjini Oxford kimehifadhiwa kitabu kilichokuwa chake, na ndani yake mna picha ya Bwana Kristo amesimama, na mtawa mdogo amemwangukia miguuni. Juu yake yameandikwa maneno ya kumwomba Kristo amlinde Dunstan.

Kwa sababu ya kazi hiyo ya uhunzi watu wakatunga hadithi. Wasema siku moja Ibilisi alimjia kiwandani ili kumjaribu, na Dunstan akatoa koleo motoni likiwa jekundu, akamkamata pua. Hadithi hii yapendwa na watoto, nasi hatuwanyimi. Lakini mwalimu na awaambie pia ya kuwa ni hadithi, na ya kuwa lililo kweli ndani yake ni fuawe na koleo: mtakatifu huyu alikuwa mtu wa kazi. Masonara wa London walimfanya kuwa mlinzi wao, na kwa muda mrefu, hata mwaka 1660, alama yao ya mwaka juu ya vyombo vya fedha ilibadilishwa siku yake, tarehe 19 Mei.

Mfalme Edmund naye alisikiliza maneno ya wasengenyaji, akataka kumfukuza. Wasema siku moja mfalme alikuwa akiwinda karibu na Cheddar, na mnyama aliyekuwa akimfukuza akatumbukia gengeni pamoja na mbwa. Farasi wa mfalme akaenda mbio hata ukingoni. Mfalme akakumbuka udhalimu aliomtendea Dunstan, akatubu moyoni, na farasi akasimama. Baada ya hayo akamfanya kuwa abate wa Glastonbury, na Dunstan akaijenga upya nyumba ile na shule yake.

Mwaka 955 akatawala Eadwig, naye alikuwa kijana. Siku ya kutawazwa kwake aliondoka karamuni akawaacha wakuu wake wamekaa, akaenda kustarehe na wanawake. Dunstan akatumwa kumrudisha, akamrudisha, hata ikabidi kumvuta. Mfalme hakusahau aibu ile. Mwaka 956 Dunstan alikuwa mkimbizi ng'ambo ya bahari, huko Ghent katika nchi ya Flanders. Hakukaa sana. Mfalme Edgar alimwita mwaka 957, akawa askofu wa Worcester, kisha wa London, na halafu Askofu Mkuu wa Canterbury.

Pamoja na maaskofu wenzake Ethelwold na Oswald alitengeneza nyumba za watawa zilizokuwa zimeharibika. Mwaka 973, siku ya Pentekoste, alimtawaza Edgar katika mji wa Bath. Taratibu ya ibada ile ndiyo shina la taratibu ya kuwatawaza wafalme wa Uingereza mpaka yule aliyetawazwa mwaka 2023. Dunstan alifariki tarehe 19 Mei 988, akazikwa Canterbury.

Basi, ni nani aliyelitakasa jina la Dunstan? Si wale waliolitunga, maana wao walifikiri jiwe tu. Aliyelitakasa ni yule aliyelichukua: aliyesingiziwa asilipe kisasi, aliyemkemea mfalme akafukuzwa, aliyeshika koleo na kalamu kwa mkono mmoja. Jina lilikuwa chombo kitupu, naye akakijaza.

JINA LILIVYOFIFIA

Mtu angedhani ya kuwa baada ya hayo Waingereza wote wangewaita wana wao Dunstan. Haikuwa hivyo.

Mwaka 1066 William wa Normandy alivuka bahari akaishinda Uingereza. Wakuu wa nchi wakawa Wanormandi, na majina yao yalikuwa William, Robert, Richard na Henry. Katika vizazi vichache watu wa kawaida nao wakawapa wana wao majina ya mabwana wale, na majina ya wazee yakaonekana kuwa ya kishamba. Hata watakatifu wa kale hawakusalimika. Askofu Mkuu Lanfranc, aliyekuja kutoka ng'ambo, alitilia shaka baadhi ya watakatifu wa Wasaksoni. Aliuliza juu ya Askofu Mkuu Alphege, aliyeuawa na Wadeni mwaka 1012 kwa kuwa hakukubali watu wake watozwe fedha za kumkomboa: je, huyu ni shahidi kweli? Anselm, ambaye baadaye yeye mwenyewe alikuwa Askofu Mkuu, alimjibu ya kuwa aliyekufa kwa ajili ya haki amekufa kwa ajili ya Kristo. Lanfranc akakubali. Mgeni aliuliza kwa kuwa hakuwajua wenyeji, na alipoelezwa akasikia. Sifa hiyo ni yake.

Majina machache ya Kisaksoni yaliokoka, na sababu yaonekana wazi. Mfalme Henry wa Tatu alimpenda sana Mtakatifu Edward, mfalme wa zamani, na mwaka 1239 alipozaliwa mwanawe akamwita Edward. Kwa hiyo jina la Edward likarudi katika nyumba ya kifalme, na watu wakalifuata mpaka leo. Dunstan hakupata mfalme wa kumchukua. Jina lake likabaki juu ya milango ya makanisa, kama vile Mtakatifu Dunstan wa Stepney na Mtakatifu Dunstan wa mtaa wa Fleet mjini London, na likabaki kuwa jina la ukoo kwa watu wengine, lakini likawa adimu kwa watoto.

Katika karne ya kumi na tisa, tangu mwaka 1833, walitokea mjini Oxford wanachuoni waliotaka Kanisa lao likumbuke mambo yake ya kale. Kwa kazi yao watakatifu wa zamani wakapendwa tena, na majina yao yakaonekana tena hapa na pale. Hata hivyo Dunstan halikupata kuwa jina la wengi. Katika orodha za majina mia yanayopendwa na wazazi wa Uingereza halimo. Vita Kuu ya kwanza iliwapofusha askari wengi, na mwaka 1915 Arthur Pearson, ambaye yeye mwenyewe alikuwa kipofu, aliwafungulia nyumba London. Nyumba ile ikaitwa St Dunstan's, na kwa miaka mingi Waingereza waliposikia Dunstan walifikiri vipofu wale kuliko askofu. Nayo jamii ile ilibadili jina lake mwaka 2012.

JINA LILIVYOVUKA BAHARI

Sasa jina hili, lililokuwa limedhoofika kwao, lilifikaje kwetu? Lilikuja merikebuni pamoja na mishenari. Mwaka 1857 David Livingstone alihutubia katika chuo cha Cambridge, na maneno yake yakazaa Mishenari ya Vyuo Vikuu, ambayo Wazungu huiita UMCA. Mwaka 1864 Askofu Tozer aliihamishia Unguja, na kutoka Unguja ikaenea Magila na Masasi. Wengi wa watu hao walikuwa wamelelewa katika fikira zile za Oxford. Walikuja na kalenda ya watakatifu, na katika kalenda ile walikuwamo Wasaksoni na watu wa Ireland pamoja na mitume. Ndiyo sababu katika pande za Masasi na za Tanga utakutana na mzee Wilfrid, na Mwalimu Oswald, na Mama Hilda, majina ambayo kijana wa London leo angeyadhani ya kitabuni. Kanoni Kolumba Msigala wa Masasi alichukua jina la mtakatifu wa Ireland aliyefia Iona mwaka 597, mwaka ule ule Augustine alipofika Kent.

Tena jina lilirudi kwao. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, balozi wake wa kwanza mjini London alikuwa Dunstan Omari, mwenyeji wa Newala. Baadaye, mwaka 1964, akawa Katibu Mkuu wa shirika la huduma za pamoja za Afrika Mashariki. Basi katika mji ule wenye makanisa ya Mtakatifu Dunstan, ambamo watoto wachache sana huitwa hivyo, aliingia Dunstan kutoka Newala, na jina la pili la Kiislamu kutoka pwani, na hati za nchi yake mkononi. Majina husafiri kuliko wenyewe.

MAJINA YETU

Hapo ndipo tulipofikiri habari yetu imekwisha. Tulikuwa tumepata cha kumjibu yule mtoto. Lakini mtoto hakuwa mtoto tena. Alikuwa mtu mzima, ameoa, naye alikuja nyumbani kwetu jioni moja kutaka shauri juu ya ubatizo wa mwanawe wa kwanza.

Akasema, “Mwalimu, mimi nataka mtoto abatizwe kwa jina la babu yangu.” Babu yake aliitwa Mashaka. Wazee wanamkumbuka mzee yule. Ndiye aliyewaongoza wachukuzi wa mawe kanisa letu lilipojengwa, mwenyewe akichukua zaidi ya vijana. Alianza kujifunza ili abatizwe, akafa kabla ya siku yake, kwa hiyo jina lake halimo katika daftari letu.

Shauri lilikwenda kwa wazee wa kanisa, nao hawakupendezwa. Mmoja wao, ambaye twamheshimu kama baba, alisema, “Jina jema hung'ara gizani. Je, jina la Mashaka litang'ara wapi? Mtoto atasimamishwa mbele ya madhabahu aitwe taabu na wasiwasi? Yako majina mengi ya watakatifu, mpeni moja.” Maneno yake yalikuwa na uzito, maana alisema kwa kumpenda mtoto. Kijana akanyamaza. Tuliona usoni pake yale yale tuliyoyaona siku ya mgeni, alipoinamisha kichwa.

Ndipo tukaomba ruhusa ya kusema, tukawaeleza wazee habari zote hizi mlizozisoma. Tukasema, “Baba zetu, methali ni kweli. Lakini jina jema ndilo sifa ya mtu, si sauti ya neno. Huyu baba wa mtoto aitwa Jiwe Jeusi, kwa lugha ya wapagani wa Kisaksoni, nanyi mmemwita hivyo tangu utoto wake mkidhani ni neno takatifu. Likawa takatifu kwa sababu mtu mmoja alilichukua vema. Cecil Majaliwa, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kufanywa padre katika Mishenari yetu, mwaka 1890, alikuwa na jina la Kiswahili pamoja na lile la Kizungu, wala Majaliwa halikumzuia kuisogelea madhabahu.”

Tukawakumbusha na Kizito wa Uganda. Yeye alikuwa kijana wa miaka kumi na minne hivi, mtumishi katika nyumba ya Kabaka Mwanga. Karoli Lwanga alimbatiza usiku, mauti yakiwa yamekaribia, na tarehe 3 Juni 1886 akachomwa moto Namugongo pamoja na wenziwe, Wakatoliki na Waanglikana katika moto mmoja. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa mtakatifu pamoja na Wakatoliki wenziwe 21. Kizito ni jina la Kiganda. Leo watoto wa Tanzania na Kenya wasiojua neno moja la Kiganda hubatizwa Kizito, na hakuna mzee anayeuliza kama ni jina la Kikristo. Limekuwa la Kikristo kwa sababu ya kijana aliyelichukua mpaka mwisho. Mambo ya Dunstan na mambo ya Kizito ni mamoja.

Mzee yule alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, “Mashaka alinichukulia mzigo wangu wa mawe siku niliyokuwa na homa. Hilo nalijua mimi peke yangu.” Hakusema zaidi, wala hakupinga tena. Padre aliposikia, alicheka kwa furaha, akakubali.

Hatutaki msomaji afikiri ya kuwa twayadharau majina tuliyoletewa. La, hasha. Yule aliyemwita mtoto Dunstan alimpa kitu chema; kosa letu lilikuwa kukipokea bila kukifungua. Kwa hiyo, enyi walimu, tuna ombi moja. Mtoto akiletwa kwa ubatizo, au akisimama darasani kutaja jina lake, mwambieni ni nani aliyelichukua kwanza, na alilichukuaje. Likiwa ni la Petro, mwambieni habari za Petro. Likiwa ni la Dunstan, mwambieni habari za mhunzi wa Glastonbury. Likiwa ni la babu yake, kaeni na wazee mpate habari za babu, na kuziandika kabla wazee hawajakwisha.

Siku ya ubatizo kanisa lilijaa. Padre akauliza, “Mtoto huyu aitwa nani?” Baba yake akajibu kwa sauti iliyosikika hata mlangoni. Baada ya ibada tuliingia chumba cha mapadre, tukafungua daftari, tukaandika kwa mkono wetu: Mashaka, mwana wa Dunstan. Wino ulipokauka tukafunga kitabu. Sasa kazi iliyobaki ni ya mtoto mwenyewe.